UZI: Vifaru vya Kenya, watu wanaoviendesha, na swali tunalosahau kuuliza

1. Mabishano yamerudi tena. Upande mmoja: "Serikali inanunua silaha na mkulima hana mbolea." Upande wa pili: "Bila jeshi lenye nguvu hakuna nchi." Na wale wa tatu, ambao hutokea kila kukiwa na vurugu: "Leteni jeshi, leteni vifaru, hii kelele iishe." Jana usiku nilisoma komenti karibu mia mbili badala ya kusomea mtihani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani ataendesha hicho kifaru, alifunzwa na nani, na nani ana ruhusa ya kukitoa kambini. Uzi huu ni wa maswali hayo matatu. Kama kawaida, sitaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja wewe kwa komenti, hiyo ni shauri yako.

2. Kwanza nijieleze, msije mkasema nimejifunza vita kwenye sinema. Mimi ni mtoto wa Konoin, Bomet. Nyumbani ni chai mbele, chai nyuma. Nasoma sayansi ya siasa, kwa hivyo vita navijua kwa vitabu tu. Lakini tuna jirani, mzee mstaafu wa jeshi, aliyekaa miaka mingi ndani ya kifaru akiwa mjazaji, yaani yule anayeingiza risasi kwenye mzinga. Sasa hivi ana shamba dogo la chai. Likizo iliyopita nilimsaidia kubeba majani hadi kituo cha kuuzia, nikamuuliza kifaru kikoje. Akacheka. Akasema, "Kijana, nyinyi mnaona chuma. Mimi nikikumbuka kifaru nakumbuka watu watatu."

3. Tuanzie hapo. Kifaru kikuu cha Kenya kwa miaka zaidi ya 40 ni Vickers Mk 3, kilichotengenezwa Uingereza. Uzito wake unakaribia tani 40. Mzinga wake ni wa milimita 105. Ndani wanakaa watu wanne. Dereva yuko mbele chini, anaona kupitia dirisha dogo la vioo. Mlengaji anashika mzinga. Mjazaji anabeba risasi ambayo moja tu inakaribia kilo 20, anaisukuma ndani huku gari likirukaruka. Kamanda yuko juu, anatafuta adui na kuamua nani apigwe kwanza. Hakuna anayeona anachoona mwenzake. Wanaunganishwa na sauti kwenye masikio tu.

4. Sasa fikiria sekunde chache za kazi yao. Kamanda anaona shabaha. Anataja aina ya risasi, shabaha ni nini, iko umbali gani. Mjazaji anachagua, kwa sababu risasi ya kutoboa chuma si ile ya kubomoa ukuta. Mlengaji anapima umbali na kuinua mzinga kiasi kinachofaa, maana risasi ikienda mbali inashuka, na upepo nao unasukuma. Dereva anasimamisha gari mahali palipo sawa, ikiwezekana nyuma ya kilima ili mnara na mzinga tu ndivyo vionekane, tumbo lifichwe. Mmoja akichelewa, wote wanne wamechelewa. Na upande wa pili kuna watu wanne wengine wanaofanya hesabu hiyo hiyo kuhusu wewe.

5. Ndiyo maana mafunzo yao huenda kwa ngazi. Kwanza kila mtu anajifunza kazi yake darasani na kwenye gari lililosimama, bila risasi, anarudia mpaka mkono ujue wenyewe. Halafu wanne wanafunzwa pamoja. Halafu wanapiga risasi za kweli uwanjani, gari likiwa limesimama, kisha likitembea, mchana na usiku. Halafu vifaru vitatu au vinne vinajifunza kusonga pamoja: wawili wanalinda, wengine wanasogea, wanabadilishana. Mwisho wanafunzwa na askari wa miguu, mizinga na wahandisi, kwa sababu kifaru kikiwa peke yake mjini au msituni ni kipofu. Mtu mwenye roketi begani anaweza kukimaliza kutoka dirishani.

6. Mzee alinieleza kwa lugha ya kwetu. Alisema mchumaji mpya unaweza kumwambia kwa dakika moja: majani mawili na kichipukizi. Ameshaelewa. Lakini mwangalie jioni kapu lake lina nini. Yule wa miaka kumi anachuma akiongea, vidole vinajua. "Na yule wa miaka kumi," akasema, "ukimtoa shambani miaka mitatu, akirudi vidole vimesahau." Hilo ndilo jambo la kwanza nataka mbebe kutoka kwa uzi huu. Ujuzi wa kifaru huoza. Ukinunua gari na usinunue risasi za mazoezi, dizeli na vipuri vya kila mwaka, baada ya muda unabaki na sanamu. Na dizeli si mchezo: gari la aina hii huhesabiwa lita ngapi kwa kilomita moja, si kilomita ngapi kwa lita.

7. Swali: Kenya ilianza lini kutaka vifaru? Rudi miaka ya 1970. Kaskazini mashariki kulikuwa na Somalia, iliyokuwa inadai maeneo wanayoishi Wasomali nje ya mipaka yake, yakiwemo ya Kenya. Tayari tulikuwa tumepitia vita vya Shifta miaka ya 1960. Somalia ilipewa vifaru vingi na Umoja wa Kisovieti, na wakufunzi juu yake. Julai 1977 jeshi lake likaingia Ogaden, Ethiopia, na likafika mbali kwa haraka. Nairobi waliona hiyo wakajiuliza: wakigeuka upande huu, tutawasimamisha na nini?

8. Magharibi nako hakukuwa shwari. Februari 1976 mtawala wa kijeshi wa Uganda alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ardhi ya Uganda kihistoria. Wengi mnaicheka hiyo kama kichekesho. Sisi wa Kericho na Bomet tusicheke sana, kwa sababu alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Mpaka 1902, nchi hii yetu yote kutoka Ziwa Victoria hadi bonde la Naivasha ilihesabiwa na Waingereza kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Wakahamisha mpaka kwa kalamu, hawakumuuliza Mkipsigis hata mmoja. Miaka 74 baadaye mtu mwenye jeshi akaukumbuka huo mstari. Mpaka uliochorwa na watu wa mbali ndio ulioleta hoja ya kununua silaha za kuulinda.

9. Basi mwaka 1977 Kenya ikaagiza Vickers Mk 3 vifaru 38, pamoja na magari 3 ya kuokoa vifaru vilivyokwama. Mwaka 1978 ikaagiza 38 vingine na magari 4 ya kuokoa. Jumla vifaru 76. Kikosi cha 78 cha Vifaru kikawa na makao Isiolo, kwenye nchi tambarare na kavu, upande ambao hatari ilitazamiwa kutoka. Angalieni hayo magari 7 ya kuokoa. Aliyeandika oda ile alijua kifaru hukwama na huharibika. Hiyo ni dalili ya mtu aliyefikiria kazi kabla ya picha.

10. Na pesa zilitoka wapi? Hapa ndipo sisi wa majani tunaingia. Mwaka 1977 bei ya kahawa na chai duniani ilipanda sana. Kahawa na chai ndizo zilikuwa zinaletea nchi sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Kifaru cha Newcastle hakinunuliwi kwa shilingi. Sisemi kuna noti fulani iliyotoka Kericho ikaenda moja kwa moja kiwandani, pesa haina alama. Nasema hivi: mama aliyekuwa anachuma kwenye mvua ya Kericho mwaka ule alikuwa mmoja wa waliolipa, na hakuwahi kuambiwa. Kogo wangu alikuwa mmoja wao. Nilipomwambia, aliuliza swali moja tu: "Na vilifanya kazi?"

11. Swali zuri kuliko komenti zote mia mbili. Jibu la haki ni kwamba vita vya kuvijaribu havikuja. Somalia ilifurushwa Ogaden kufikia Machi 1978. Lakini angalieni ilivyoshindwa. Novemba 1977 iliwafukuza washauri wa Kisovieti, na Wasovieti wakahamia upande wa Ethiopia pamoja na Wacuba. Chuma kilibaki Somalia, lakini vipuri, risasi na walimu vilikuwa vimekwenda. Anayekuuzia kifaru anabaki ameshika nusu ya kifaru hicho. Mkilia kuhusu uhuru wa nchi kwenye mikataba ya silaha, hapo ndipo pa kulilia.

12. Mfano wa pili uko karibu zaidi: Lukaya, Uganda, Machi 10 na 11, 1979. Jeshi la Tanzania lilikuwa linaelekea Kampala kutoka Masaka. Barabara pale inapita katikati ya kinamasi. Libya ilikuwa imetuma watu kuokoa utawala wa Kampala, wakiwa na vifaru vya T-55, magari ya deraya na roketi za Katyusha. Usiku wa kwanza roketi ziliwatisha Brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wapya, wakatawanyika. Kama vita vingekuwa vya chuma peke yake, hadithi ingeishia hapo.

13. Haikuishia. Usiku ule Watanzania walijipanga upya, na Brigedi ya 208 ikazunguka ikaja kutoka ubavuni. Asubuhi ya tarehe 11 walishambulia kutoka pande mbili. Vifaru vya Libya vilikuwa vimebanwa kwenye barabara nyembamba, matope huku, matope kule, na wengi wa Walibya walikuwa wanamgambo wasio na uzoefu wala hawaijui ardhi. Walishindwa vibaya. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilianguka. Tanzania ilikuwa na vifaru vichache sana pale. Ilichokuwa nacho ni makamanda waliojua mahali pa kuwaweka watu wao, na wakati gani.

14. Mtu wa chai anaelewa hilo haraka. Nyumbani mvua ikinyesha, lori la majani linakwama kwenye kona ya murram na majani yanaungua juu yake kabla ya kufika kiwandani. Hilo ni lori. Sasa weka tani 40. Oktoba 2011, Kenya ilipoingia Somalia kwa Operesheni Linda Nchi, mvua na matope viliwachelewesha askari wetu wiki kwa wiki. Kismayo ilipochukuliwa Septemba 2012, wanajeshi walishuka kutoka baharini. Kwa hivyo anayekwambia "tukiwa na vifaru vingi tutamaliza Al-Shabaab kwa mwezi" muulize swali la dereva wa lori: utapita barabara gani, na mwezi gani?

15. Tuje kwa kisa mnachokipenda: meli ya MV Faina. Septemba 25, 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka ikielekea Mombasa. Ndani: vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine. Serikali ya wakati huo ilisema ni vya jeshi la Kenya. Hati za shehena zikaonekana zina herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa Serikali ya Sudan Kusini. Serikali ikasema herufi hizo zina maana nyingine ya kijeshi. Meli iliachiliwa Februari 5, 2009 baada ya fidia ya takriban dola milioni 3.2. Nahodha wake alikuwa amekufa ndani ya siku za mwanzo. Mwaka 2010 nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilivuja, zikionyesha kwamba Wamarekani walijua vifaru vile vilikusudiwa Sudan Kusini.

16. Sasa angalieni: hata bila nyaraka kuvuja, mtu aliyejua mafunzo ya kifaru angeshuku siku ya kwanza. T-72 hubeba watu watatu, si wanne. Hakuna mjazaji, mashine ndiyo huingiza risasi. Mzinga ni wa milimita 125, kwa hivyo risasi za Vickers haziingii. Injini nyingine, vipuri vingine, vitabu vya Kirusi. Kuchukua T-72 kungemaanisha shule mpya, mafundi wapya, bohari mpya. Wakufunzi wako wapi? Bajeti ya shule iko wapi? Mzee wangu alisema waliposikia redioni, wastaafu wenzake walicheka: "Mimi mjazaji, wananiletea gari lisilo na kiti changu?"

17. Hiyo ndiyo faida ya kujua haya mambo madogo. Serikali yoyote, ya jana au ya kesho, inaweza kuficha mkataba na kusema "usalama wa taifa". Lakini mafunzo huacha nyayo: wanafunzi waliotumwa ng'ambo, viwanja vya shabaha, zabuni za vipuri. Kama nyayo hazipo, uliza.

18. Nimalizie na la tatu, linaloniuma zaidi. "Leteni vifaru mitaani." Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, jeshi liliitwa kusaidia polisi. Picha zikasambaa na maandishi "vifaru Nairobi". Watu wangu, yale yalikuwa magari ya deraya yenye magurudumu ya mpira, ya kubebea askari. Kifaru kina minyororo na mzinga mkubwa. Mtaniambia ni ubishi wa maneno tu. Hapana. Ukiita kila gari la chuma kifaru, siku kifaru chenyewe kikitokea utakuwa huna neno lililobaki.

19. Lakini neno lililo muhimu zaidi ni ruhusa. Kifungu cha 241 cha Katiba ya 2010 kinatenganisha mambo matatu. Jeshi lina kazi ya kulinda nchi na mipaka yake. Kwenye dharura au janga, linasaidia mamlaka nyingine na kuripoti kwa Bunge la Taifa. Na likitumwa kurudisha amani sehemu ya Kenya yenye ghasia, ni kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Mwaka 2024 tangazo la gazeti rasmi lilitoka Juni 25, Bunge likaidhinisha kesho yake, na Juni 27 Mahakama Kuu ikaruhusu jeshi libaki lakini ikaamuru serikali itangaze wazi maeneo na muda. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au uupinge. Lakini angalia alama yake: hata bunduki lazima iwe na anwani na tarehe ya mwisho.

20. Kwa nini sheria iwe kali hivyo? Rudi kwenye ile posti ya nne. Wale watu wanne wamefunzwa miaka kuona, kupiga na kuangamiza kabla ya sekunde kuisha. Mwanajeshi anafunzwa kutafuta adui. Polisi, walau kwa sheria, anafunzwa kutafuta mshukiwa, naye mshukiwa ana haki. Operesheni ya jeshi Mlima Elgon mwaka 2008 ilivunja kundi lililokuwa linaua watu, wengi waliishukuru. Lakini mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mateso na watu waliopotea, na kuna familia zinazongoja majibu hadi leo. Mambo yote mawili ni kweli. Anayekutajia moja tu anakuuzia kitu.

21. Nilikuwa mtoto mdogo sana Januari 2008, wakati mpaka wetu na Wakisii ulipowaka moto. Sikumbuki mengi. Nakumbuka mama amenibeba mgongoni kwenye chai, majani yakinigonga usoni, na watu wazima wakisema "jeshi lije, jeshi lije". Sitawahi kuwacheka waliosema hivyo. Mtu ambaye nyumba yake inaungua hasomi Katiba. Ndiyo maana inafaa tuisome sasa, wakati hakuna moshi.

22. Kwa hivyo, mwaka huu mtu akisimama kwenye mkutano hapa kwetu, akapiga kifua kuhusu jeshi, iwe anataka linunuliwe zaidi au lipunguzwe, muulize haya kwa heshima:
- Silaha hii ni ya kuzuia nani, na kwenye ardhi gani?
- Kwa kila shilingi ya kununua, ni ngapi za mafunzo, risasi za mazoezi na vipuri, kila mwaka?
- Wakufunzi ni wetu au ni wa aliyetuuzia? Tukikosana naye itakuwaje?
- Kamati ya Bunge iliona mkataba, au iliambiwa tu?
- Likitoka kambini kuja kwa raia, nani amesaini, na linarudi lini?

Akijibu matatu kati ya matano, huyo anafaa kusikilizwa hata kama hukumpigia kura.

23. Na kwa wale wa "mbolea au silaha": sitawaambia mchague moja. Mkulima wa Bomet anayepata bonasi ndogo kuliko mwenzake wa Mlima Kenya ana haki ya kuuliza pesa zake zinakwenda wapi. Pia ana mpaka, na mpaka huo umewahi kudaiwa. Lakini jeshi lenye vifaru vichache na watu waliofunzwa vizuri ni bei tofauti kabisa na jeshi la vifaru vingi vya gwaride. Mjadala wetu hukwama kwenye idadi kwa sababu idadi ni rahisi kupigia makofi.

24. Siku ile tulipofika kituoni, foleni ilikuwa ndefu. Karani akapima majani ya mzee, akaandika. Mzee akachukua ile risiti, akaisoma mara mbili kabla ya kuikunja. Nikamuuliza kama jeshini pia alikuwa anasoma kila kitu hivyo. Akasema mjazaji akiwa kazini ndani ya kifaru hana nafasi ya kutazama nje. Anasikia tu "pakia", anapakia. "Miaka yote ile," akasema, "nilijaza bila kuona tunaelekeza wapi. Hapa nje sitaki tena kazi hiyo."

Mwisho wa uzi. Kama nimekosea mahali, nisahihisheni na ushahidi, si matusi.